Ajali Ina Kinga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa viwanda vya chuma, saruji na mitambo mizito. Yamepigwa chapa humu kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini na hawakuweza kufika.)



Tumezoea kukutana ili kuzungumza juu ya mshahara, nyumba, likizo na saa za ziada. Mazungumzo hayo ni ya haki na tutaendelea nayo. Lakini leo tunataka kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika karatasi ya mshahara, nalo ni uzima wa mfanyakazi. Nyongeza ya mshahara ikicheleweshwa mwaka huu, tutaidai mwaka ujao. Vidole vilivyokatwa na mashini havidaiwi mwaka ujao, na baba aliyekufa ndani ya tanki harudishwi na mapatano yo yote.

Uko msemo tunaousikia kila mara mtu anapoumia: "Ajali haina kinga." Anausema mnyapara, anausema karani wa ofisi, nasi wenyewe tunausema tunapokwenda kumwangalia mwenzetu hospitali. Ni msemo wa kumpoza mwenye huzuni, na kwa kazi hiyo hauna ubaya. Ubaya wake huja pale unapoingia katika kitabu cha kiwanda na kuwa ndiyo sababu ya ajali. Maana ikiwa ajali haina kinga, basi hakuna wa kuulizwa, hakuna cha kutengenezwa, na kesho mashini ile ile itafunguliwa kama ilivyokuwa jana.

Sisi twasema ajali za viwandani zina kinga. Tena kinga yake inajulikana, imeandikwa, na imelipiwa kwa damu ya wafanyakazi wa nchi nyingi. Tutatoa mifano, kisha tutarudi katika viwanda vyetu.

MOTO WA BAHARI YA KASKAZINI

Katika Bahari ya Kaskazini, kiasi cha kilomita 190 kutoka mji wa Aberdeen huko Uskoti, lilisimama jukwaa kubwa la chuma la kuchimbia mafuta na gesi, jina lake Piper Alpha. Lilianza kutoa mafuta mwaka 1976. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 walikuwamo watu 226. Waliookoka ni 61 tu. Pamoja na watu wawili wa mashua ya uokozi, waliokufa walikuwa 167.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda, maana hayakuanza kwa jambo kubwa. Palikuwa na pampu mbili za kusukuma maji ya gesi, tuziite ya kwanza na ya pili. Mchana ule pampu ya kwanza ilisimamishwa ili itengenezwe. Tena valvu yake ya usalama ilifunguliwa na kuondolewa ikakaguliwe, na mahali pake pakafungwa kifuniko cha chuma. Ilipofika saa kumi na mbili jioni kazi ya valvu haikuwa imekwisha. Mafundi wakaiacha mpaka kesho.

Kwa kila kazi ya namna hiyo ilikuwapo karatasi ya ruhusa, inayosema ni chombo gani kinatengenezwa, nani anakitengeneza, na kwamba kisiwashwe. Lakini karatasi ya pampu ilikuwa mbali na karatasi ya valvu, wala hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba mbili hizo zinahusiana. Zamu ya usiku ilipoingia haikuambiwa kwamba valvu haipo. Karibu saa nne kasoro robo usiku pampu ya pili ikasimama yenyewe, ikakataa kuwaka. Bila ya pampu hiyo mtambo wa stima ungezimika. Watu wa zamu wakatazama karatasi walizoziona, wakaamini kwamba pampu ya kwanza iko tayari, wakaiwasha. Gesi ikatoka pale palipokuwa na kifuniko, na saa nne juu ya alama pakapasuka.

Hapo, ndugu, kinga za nyuma zingesaidia. Lakini pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimeondolewa katika kujiwasha zenyewe, kwa sababu wapiga mbizi walikuwa kazini majini siku ile, na moto ukazuia watu kwenda kuziwasha kwa mkono. Kuta za kuzuia moto hazikujengwa kustahimili mpasuko, kwa kuwa jukwaa lilijengwa kwa ajili ya mafuta na kazi ya gesi iliongezwa baadaye. Majukwaa jirani yaliendelea kwa muda kusukuma mafuta kwenye mabomba yaliyoungana na Piper Alpha, ingawa moto ulikuwa ukionekana. Wengi walikusanyika katika nyumba ya kulala wakingoja amri ya kuondoka. Amri haikuja, na moshi ndio uliowaua wengi wao. Baadhi ya waliookoka ni wale waliokata shauri wenyewe wakajitupa baharini kutoka juu sana.

Jaji aliyechunguza, Lord Cullen, alitoa taarifa yake Novemba 1990 yenye mapendekezo 106, na yote yalikubaliwa. Katika uchunguzi ule lilionekana jambo moja ambalo twataka kila mwakilishi alikumbuke. Septemba 1987, miezi kumi tu kabla ya moto, mfanyakazi mmoja alikufa katika jukwaa lile lile, na mambo ya karatasi za ruhusa na kupokezana zamu yalikuwamo katika ajali yake. Kampuni ilikubali kosa mahakamani Machi 1988. Onyo lilikwisha kutolewa, tena kwa kifo cha mtu, na bado zamu ziliendelea kupokezana vile vile.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Uskoti ufa ulionekana, ukaandikwa, ukapelekwa mahakamani, na haukuzibwa.

ZAMU NA ZAMU

Sasa tuje nyumbani. Hatuna majukwaa ya mafuta baharini, lakini tuna tanuri za kuyeyusha vyuma chakavu, tuna mitambo ya kupitisha chuma cha moto, tuna vinu vya kusaga mawe ya saruji, tuna winchi, mikanda ya kubebea mawe, mabomba ya mvuke na matanki. Katika vyote hivyo liko jambo moja lililo sawa na Piper Alpha: mashini moja huhudumiwa na watu wa zamu mbili au tatu ambao hawaonani ila dakika chache langoni.

Tuulizane basi. Zamu inapotoka, inakabidhi nini? Mara nyingi anayetoka anafukuzia basi, na anayeingia bado anavaa ovaroli. Neno linalosemwa ni "Kuko sawa." Kuko sawa nini? Kifuniko cha ukanda kiliondolewa saa nane na hakijarudishwa. Breki ya winchi inateleza kidogo. Fita yumo ndani ya kinu na mwenzake amekwenda kutafuta spana. Yote hayo yamefichwa ndani ya maneno mawili.

Twataka makabidhiano ya zamu yawe kazi yenye muda wake, na muda huo ulipwe. Dakika kumi au kumi na tano, mbele ya mashini yenyewe, kitabu mkononi, anayetoka akisema na anayeingia akirudia, na wote wawili wakiweka sahihi. Tajiri atasema dakika hizo ni hasara. Sisi tutamjibu kwamba mashini iliyowashwa juu ya mtu husimama muda mrefu kuliko dakika kumi na tano.

KUFULI LAKO, UFUNGUO WAKO

Jambo la pili ni kufuli. Hiki ni chombo kidogo cha bei ndogo, na hakuna mtambo wa kisasa unaoweza kukaa mahali pake. Fundi anapoingia kutengeneza mashini, swichi kubwa ya stima huzimwa na kufungwa kwa kufuli. Kila anayeingia hutia kufuli lake mwenyewe, lenye jina lake, na ufunguo huuweka mfukoni mwake. Wakiingia watu watano, kufuli ni tano, na mashini haiwaki mpaka wa tano naye ametoka na kufungua lake.

Kuna wanaosema, "Sisi twatundika kibao cha USIWASHE, yatosha." Haitoshi. Kibao huanguka, kibao hakisomeki gizani, na mwenye haraka hukisogeza kando. Wengine husema, "Foromani ndiye anayeshika ufunguo." Nayo haitoshi, maana foromani hayumo ndani ya kinu. Anayeshika ufunguo awe yule ambaye mwili wake ndio uliomo hatarini.

Tena stima siyo nguvu peke yake. Ukizima stima, hewa iliyobanwa ndani ya bomba bado imo. Mvuke bado umo. Springi iliyobanwa bado inangoja kufyatuka. Mzigo uliotundikwa na winchi bado unataka kushuka, na ukanda wenye mawe mlimani bado unataka kurudi nyuma. Kwa hiyo kanuni ni hii: simamisha, zima, funga kwa kufuli, toa nguvu iliyobaki, kisha jaribu kuiwasha. Ikikataa kuwaka, hapo ndipo utie mkono.

TANURI NA TANKI

Ndugu zetu wa tanuri za vyuma wanajua jambo tutakalosema, lakini vijana wapya hawajui, na pengine hawakuambiwa siku waliyoandikwa. Maji yakigeuka mvuke hupanuka karibu mara 1,700. Chuma chakavu kilicholowa mvua, au bomba lililozibwa ncha zote mbili, au mtungi wa gesi uliosukumwa pamoja na vyuma vingine, ukiingia katika chuma kilichoyeyuka hugeuka kuwa bomu. Chuma cha moto huruka juu na kunyesha juu ya watu. Mfanyakazi wa tanurini hana jicho la kuona ndani ya bomba lililozibwa. Kinga yake iko nje uwanjani, mahali vyuma vinapopokelewa, vinapochambuliwa, vinapokatwa na kuanikwa chini ya paa. Kwa hiyo tajiri anayepunguza wachambuzi wa uwanjani ili aokoe mishahara michache, ameondoa ngao ya wale wa ndani.

Na tanki, au shimo, au chumba cho chote kilichozibwa. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu sehemu 21 katika mia. Ndani ya tanki kutu peke yake huweza kuila hewa hiyo, na iko gesi ya moshi wa kaa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huingia, magoti humlegea, huanguka kimya. Mwenzake humwona, huruma humshika, huruka ndani kumtoa, naye huanguka juu yake. Hivyo ndivyo kifo kimoja kinavyokuwa viwili na vitatu. Asiingie mtu kabla hewa haijapimwa kwa chombo, kabla hajafungwa mkanda na kamba, na kabla hajasimama mlinzi nje asiyepewa kazi nyingine. Na mlinzi huyo afundishwe jambo gumu kuliko yote: asiingie. Kazi yake ni kuvuta kamba na kupiga kelele.

MASHINI ZA KISASA

Hapa twajua tutaulizwa. Viwanda vingine vimeleta vyombo vipya: vya kunusa gesi, macho ya stima yanayosimamisha mashini mkono ukikaribia, kamera, na vioo vya kompyuta vinavyoonyesha joto na mgandamizo wa mtambo mzima. Je, chama kinapinga vyombo hivi? Hatupingi. Tunavitaka, na twasema vije upesi. Lakini twataka kila mmoja wetu aelewe vinaweza nini na haviwezi nini.

Tarehe 24 Julai 1994, katika kiwanda cha kusafishia mafuta huko Milford Haven, Wales, palitokea mpasuko mkubwa, watu 26 wakaumia. Kiwanda kile kilikuwa na vioo na kengele za hatari za kutosha. Ubaya ulikuwa huo huo. Katika dakika kumi na moja za mwisho kabla ya mpasuko, watu wawili waliokaa mbele ya vioo walipigiwa kengele 275. Nani awezaye kusikiliza kengele 275 katika dakika kumi na moja, na kujua ni ipi inayosema kweli? Kengele inayolia kila saa hugeuka kuwa kama kelele za kunguru, na watu huizima ili wapate kufikiri. Kwa hiyo chombo kipya kikiletwa, wale watakaokitumia waulizwe kabla hakijafungwa, siyo baada.

Na uko mfano mwingine, wa Bhopal nchini India. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiasi cha tani 40 za gesi ya sumu zilitoka katika tanki la kiwanda cha dawa za wadudu zikaingia mjini watu wakiwa wamelala. Maelfu walikufa, na zaidi ya nusu milioni walipata madhara. Kiwanda kile hakikukosa mitambo ya kinga. Kulikuwa na mtambo wa baridi wa kupoza tanki: ulikuwa umezimwa. Kulikuwa na mtambo wa kusafisha gesi: haukuwa ukifanya kazi. Kulikuwa na mnara wa kuchomea gesi: bomba lake lilikuwa limefunguliwa likingoja kutengenezwa. Kulikuwa na maji ya kurushwa juu: hayakufika palipotoka gesi. Na wafanyakazi wa zamu katika sehemu ile walikuwa wamepunguzwa kutoka 12 mpaka 6, na mafundi wa matengenezo kutoka 6 mpaka 2. Vyama vya wafanyakazi vya kimataifa vilituma watu wao kuchunguza, wakaandika hayo mwaka 1985.

Mwaona, ndugu? Kinga nne zilikuwapo katika ramani, na usiku wa haja hakuna hata moja iliyosimama. Kiwanda chenye uthabiti hujengwa kwa kinga juu ya kinga, ili moja ikishindwa ya pili ishike, na kila moja ina mtu anayejua kama ni nzima au ni mbovu. Ukimwondoa mtu huyo, chombo kinabaki kuwa pambo la kuonyesha wageni.

Kwa hiyo twataka matengenezo yasiwe ndiyo kitu cha kwanza kukatwa biashara inapolegea. Tajiri akisema mwaka huu ni mgumu, sisi tupo tayari kukaa naye na kuhesabu. Lakini kipimo cha gesi kilichokufa betri kisiitwe uchumi.

ATI UZEMBE

Karibu kila ajali ikitokea, neno la kwanza linaloandikwa ni "uzembe wa mfanyakazi." Wako wazembe, hatukatai. Mtu aliyelewa asikaribie mashini, na chama hakitamtetea anayecheza na maisha ya wenzake. Lakini tuulize zaidi ya hapo. Kwa nini alitia mkono ndani mashini ikizunguka? Kwa sababu ikizimwa huchukua nusu saa kuwaka tena, na bonasi ya zamu huhesabiwa kwa tani. Kwa nini kifuniko hakikuwapo? Kwa sababu kiliondolewa mwezi uliopita na bolti zake zimepotea. Kwa nini alikuwa na usingizi? Kwa sababu alikuwa katika zamu yake ya pili mfululizo. Ukifika hapo, uzembe una wenyewe wengi, na wengine wao wanakaa ofisini.

Tena tuangalie sana ile mbao inayotundikwa langoni, "Siku kadhaa bila ajali," na zawadi ya sukari au kofia ikifika mia. Nia yake yaweza kuwa njema. Lakini tumeona mtu akificha kidole kilichovunjika ili asiwanyime wenzake sukari. Ajali iliyofichwa haifundishi mtu. Twapendekeza zawadi itolewe kwa yule aliyeonyesha kamba iliyokatika nyuzi kabla haijaangusha mzigo.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi wetu hawajui kwamba sheria iko upande wetu katika mengi. Tangu sheria ya viwanda ilipoanza kutumika hapa Kenya mwaka 1951 mpaka Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ndiyo inayotumika leo, mengi yameongezwa. Yashikeni haya.

Kwanza, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na halmashauri ya usalama na afya, yenye wajumbe wa mwajiri na wajumbe wa wafanyakazi, na ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya jina tu, isiyokutana, ni sawa na kizima-moto kisicho na dawa.

Pili, mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu aiarifu kwa msimamizi wake mara moja. Mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali pale hatari ikiwa ingalipo. Na mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yamo hatarini asifukuzwe wala kuadhibiwa. Kumbukeni wale wa Piper Alpha waliongoja amri isiyokuja. Sheria yetu haikuamuru kungoja.

Tatu, ajali ya kifo iarifiwe kwa mkaguzi wa serikali ndani ya saa 24.

Nne, Sheria ya Fidia ya Kazini ya mwaka 2007 inampa aliyeumia kazini haki ya fidia bila ya kumlazimu kuonyesha kwamba mwajiri ndiye mkosaji. Kwa ulemavu wa kudumu ulio kamili, na kwa kifo, hesabu ni mapato ya miezi 96. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Wajane wengi wamepoteza haki hii kwa kuambiwa "ngoja kidogo, ofisi inashughulikia," mpaka mwaka ukapita. Tawi lisikubali kungoja: liandike barua, na nakala ibaki mkononi mwetu.

Tena Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1964, lilikata shauri kwamba mahali pa kazi palipo salama ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kuungana katika chama. Mtu asituambie tena kwamba usalama ni hisani ya tajiri.

VIBARUA NI NDUGU ZETU

Kuna jambo moja ambalo lazima tulisemeshe wenyewe kwa wenyewe. Katika viwanda vyetu vingi kazi za hatari kuliko zote, yaani kusafisha matanki, kuchambua vyuma chakavu, kupanda mapaa, zimetolewa kwa wakandarasi, na wakandarasi huleta vibarua wa siku. Huja asubuhi na viatu vya nyumbani. Hawana kadi ya chama, hawakufundishwa, jina lao halimo katika kitabu cha halmashauri. Akiumia, kiwanda husema ni wa mkandarasi, na mkandarasi husema alikuwa wa jana.

Sheria yasema mwenye mahali pa kazi ana wajibu juu ya usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pale. Wote, haikusema wenye namba za kudumu tu. Nasi tufuate hivyo hivyo. Kibarua akiingia tankini bila kamba, asipite mwanachama akasema, "Huyo si wetu." Tanki likipasuka halitauliza kadi. Na zaidi ya hayo, tukikubali kwamba kuna watu wa bei rahisi wa kufanya kazi ya kufa, kesho kazi zetu zote zitapewa wao, kwa bei hiyo hiyo.

KAZI YA KILA TAWI

Ndugu, maneno bila kazi ni upepo. Twaomba kila tawi lifanye haya kabla ya mkutano ujao:

1. Liandike majina ya wajumbe wa wafanyakazi katika halmashauri ya usalama, na tarehe ya mkutano wa mwisho. Kama halmashauri haiko, lidai iundwe, kwa barua.

2. Lizunguke kiwanda kwa mguu, na kuandika kila mashini isiyo na kifuniko, kila swichi isiyoweza kutiwa kufuli, na kila kizima-moto kilichopita tarehe.

3. Liulize zamu zote tatu, hasa ya usiku, jinsi wanavyopokezana kazi.

4. Lihesabu kufuli zilizopo na mafundi waliopo. Hesabu hizo mbili zilingane.

5. Lianzishe kitabu cha mambo yaliyokosa kidogo kuwa ajali: mzigo ulioteleza bila kumpiga mtu, stima iliyomrusha mtu bila kumuua. Jina la aliyeeleza lisitumiwe kumwadhibu.

6. Liingize makabidhiano ya zamu yenye malipo katika madai ya mapatano yajayo, pamoja na mafunzo kwa kila anayeandikwa kazi, hata awe wa siku moja.

Wengine watasema kwamba tukidai mengi kiwanda kitafungwa. Tumesikia maneno hayo tangu tulipoanza kudai viatu. Kiwanda kinachotunza mashini zake na watu wake ndicho kinachosimama tena upesi baada ya msukosuko, kwa sababu mafundi wake ni wale wale, wanaijua kila bolti, na bado wana mikono ya kuifunga. Kiwanda kinachobadilisha watu kama glavu hakina anayekumbuka ufa uko wapi.

Huko Uskoti, mwaka mmoja baada ya moto ule, sheria ilianza kuwapa wafanyakazi wa majukwaa haki ya kujichagulia wawakilishi wao wa usalama. Haki hiyo ilikuja baada ya majeneza 167. Sisi haki hiyo tunayo katika sheria yetu tayari. Tuliyobakiwa nayo ni kuitumia, na kwa hiyo hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Usiku wa leo zamu ya saa nne inaingia. Kila mwenye kuingia na amwulize anayetoka: nini kimefunguliwa, nini kimezimwa, nani yumo ndani? Asikubali kuambiwa "Kuko sawa."

Umoja ni nguvu.